Gitaa la Pili la Mkata Jazi

Mikumi, 9 Februari 2025

Dada Celestina, shikamoo.

Kabla hujauliza, ndiyo, ni mimi mdogo wako, na nina bahati kuliko Wasukuma wote waliowahi kuvuka Mto Mkata. Umekaa? Kaa. Nimechaguliwa kiongozi wa magitaa wa bendi yetu ya Mkata Jazi, na tunarekodi albamu. Nyimbo nane, gitaa ni langu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Prodyuza ametoka Dar. Alinisikiliza dakika tatu tu, akavua kofia, akasema, "Kaka, mkono huu ulikuwa umefichwa wapi?" Nikamwambia ulikuwa Ulaya. Na si uongo. Miaka minne nilipiga Ulaya, ile Ulaya yetu ya kijijini Kilosa. Hakuuliza ndege niliyopanda.

Baba anaendeleaje huko Rudewa, na miguu yake? Ng'ombe wa Mzee Masunga bado wanavuka mpaka wa shamba? Mwambie baba asigombane, atulie, mwanawe anakuja na jina kubwa. Wewe na biashara ya vitenge mnaendaje? Simu zangu hupokei, ndiyo maana nashika kalamu kama mwanafunzi. Nimempa konda wa basi la Kilosa, ni rafiki yangu. Madereva na makonda wote wa barabara hii ni rafiki zangu.

Bendi imebadilika, dada, usingeitambua. Innocent, yule mwimbaji, amehamia Dodoma kuimba kanisani. Paulo aliyekuwa anapiga dramu amepata kazi ya reli. Gabrieli, mkuu wetu wa bendi, amekusanya watu wapya: kijana wa dramu kutoka Morogoro, na mama mmoja anaitwa Devota, akifungua mdomo hata malori ya Zambia yanapunguza mwendo. Gabrieli anasema sasa tunapiga jazi-roki: saksafoni yake ya kizamani inalia juu, gitaa linakwaruza chini. Wewe utaita kelele. Vijana wanaita moto.

Halafu huyu Gabrieli hajaacha mambo yake. Unajua ni Msagara, mtani wetu. Juzi Alhamisi, mbele ya watu wote, ameniambia, "Msukuma, kwenye albamu hii hatukuhitaji. Rudi Rudewa kachunge ng'ombe." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamjibu, "Na wewe Msagara, babu zako wakisikia kengele ya msafara wa babu zangu walikimbilia mlimani wakaacha ugali unaungua!" Cha ajabu hakuna aliyecheka. Wapya hawa hawajui utani. Devota alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mpe baba habari ya ile kofia.

Mdogo wako kiongozi,
Maduhu


Kilosa, 2 Machi 2025

Mdogo wangu Maduhu, marahaba.

Barua imefika na harufu ya dizeli. Sisi wazima. Baba nimemhamishia hapa kwangu tangu Januari, mguu wa kulia unavimba na huku hospitali iko karibu. Anashinda kibarazani. Anaisema treni ya umeme kwamba inapita kama ndugu aliyekosana na wenzake, haisalimii.

Simu nilikufungia kwa sababu mbili. Kwanza, Pasaka ya mwaka jana ulinipigia nikiwa kanisani ukaniimbia wimbo mzima na kibwagizo chake. Pili, kwenye simu unadanganya haraka mno, siwezi kukufuata. Kalamu itakuchelewesha. Kwa hiyo endelea kuandika.

Baba nimemsomea. Habari ya kofia amenirudisha mara tatu. Sasa kila anayepita anaambiwa. Mzee Masunga alipokuja kuzungumza habari za mpaka, baba akamwambia, "Angalia sana, mwanangu ni kiongozi wa magitaa." Sijui gitaa litasogezaje mpaka, lakini Masunga alikunywa chai akaondoka kimya.

Sasa nisikilize. Winnie wangu yuko hapo Mikumi mwaka wa pili huu, chuo cha ufundi, anasomea umeme. Krismasi hakuja, alisema ana mazoezi ya vitendo. Sauti yake siku hizi fupi. Wewe ni mjomba wake, na uko hatua chache kutoka chuoni. Mwangalie. Na Maduhu, usimpe gitaa. Nakumbuka ulivyomfundisha ile likizo ya Rudewa, mpaka vidole vikatoka malengelenge na bado akawa anakataa kuliweka chini ale. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa mtoto. Sasa ana miaka ishirini. Bendi zimekula miaka yako ishirini na miwili, na mpaka leo huna mlango wako mwenyewe wa kufunga. Hazitamla na mtoto wangu.

Nijibu kuhusu Winnie. Mengine ni ziada.

Dada yako,
Celestina


Mikumi, 30 Machi 2025

Dada, shikamoo. Baba shikamoo.

Nimechelewa, nisamehe. Mambo ni mengi kwa mtu maarufu. Mvua huku imeshuka vizuri, nyasi za mbugani zimepanda, tembo hawaonekani, watalii wanalipa kutazama majani. Mama Vaileth mwenye nyumba anakusalimu. Ameongeza banda la mama lishe, ugali wake sasa unaliwa na madereva mpaka wa Kongo.

Albamu tumerekodi. Ilikuwa Jumamosi tarehe 22 Februari, kabla barua yako haijafika. Studio ni chumba nyuma ya gesti, ukutani wamepigilia magodoro ili lori likipiga honi lisiingie kwenye wimbo. Tulianza saa mbili asubuhi, tukamaliza saa nane mchana. Nyimbo nane! Prodyuza alikuwa anatikisa kichwa tu. Gitaa lililia, dada. Lililia mpaka Gabrieli mwenyewe, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu azaliwe, alitoa saksafoni mdomoni akasahau kuirudisha.

Siku ile niliona jambo. Mpaka leo mdomo wangu haujafunga vizuri. Mama Vaileth aliniuliza kama jino linaniuma. Nimekaa mwezi mzima nikidhani ni ndoto ya malaria, lakini malaria sina. Jambo lenyewe siliandiki.

Winnie nimemwona. Mzima. Amesuka.

Mguu wa baba ukandeni kwa maji ya chumvi.

Maduhu


Kilosa, 24 Aprili 2025

Maduhu,

Salamu utazipata ukijibu.

Leo nimepata barua ya chuo. Inasema Winnie hajaingia darasani tangu wiki ya tatu ya Januari. Wameandika "ametoroka". Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena nikitafuta jina la mtoto mwingine. Miezi mitatu. Pasaka alinipigia akaniambia anajiandaa na mtihani wa nyaya. Akaniuliza na hali ya kuku.

Na wewe. "Mzima. Amesuka." Maneno mawili! Mtu anayejaza ukurasa kwa habari za tembo wasioonekana.

Ningepanda gari leo hii, lakini baba jana ameshindwa kusimama peke yake, na magari yamekwama Zombo, njia imekatika. Winnie simu yake inaita tu. Sijamwambia baba. Usiku silali, mchana napima kitenge yadi nne nakata tatu.

Mwanangu yuko wapi? Analala kwa nani? Anakula nini? Mstari mmoja unatosha.

Celestina


Mikumi, 4 Mei 2025

Dada yangu, shikamoo.

Mstari mmoja: yuko salama, analala kwa Mama Vaileth chumba kimoja na Vaileth, anakula ugali na maharage kama mtu mwenye kesi ya njaa. Hana mimba, hana mwanaume, haumwi. Pumua.

Barua yako imekaa Zombo siku tano ndani ya gari lililozama mpaka dirishani. Konda aliibeba kifuani. Nilipoisoma nilikwenda moja kwa moja kwa Winnie nikamwonyesha. Dada, yule mtoto alikaa chini kwenye udongo. Alikuwa hajui kwamba chuo kitaandika. Alidhani kiti kikiwa kitupu kinanyamaza tu.

Kesho yake nilivaa koti la marehemu mume wa Mama Vaileth nikampeleka chuoni mwenyewe. Nilimwambia mwalimu mkuu, "Mimi ni mjomba wake na ni mwanamuziki mkubwa." Akasema, "Mimi nimeokoka." Tukaanza upya. Nilimbembeleza saa nzima. Unajua sisi tuliosoma mpaka la saba tunavyoweza kubembeleza wenye vyeti. Mwisho amekubali: Winnie arudi mwezi wa nane, arudie muhula aliouacha. Ameandika barua, ninayo, muhuri upo. Winnie ameahidi mbele yangu na mbele ya mwalimu.

Kwa nini aliacha? Hilo atakuambia mwenyewe. Ukinipiga utanipiga. Si langu.

Ninalokuomba ni moja. Usije na fimbo. Mtoto huyu hajaharibika. Nimeona walioharibika, wengine nimekula nao, wengine nimekuwa mmoja wao. Huyu hapana.

Baba anasimama?

Maduhu


Kilosa, 15 Juni 2025

Mdogo wangu Maduhu, marahaba.

Baba anasimama, anatembea mpaka chooni na kurudi bila kushikwa. Ameuliza kofia ya prodyuza ilikuwa ya rangi gani. Nimemwambia kijivu. Na mimi nimeanza kudanganya kwa ajili yako.

Sasa nikuambie lililonipata Jumanne ya tarehe 3. Nilikuwa sokoni, kwenye meza ya Teresia anayeuza dagaa. Redio yake iko wazi kila siku, mimi huwa siisikii, kama mtu asivyosikia nzi. Mtangazaji akasema, "Hawa ni Mkata Jazi kutoka Mikumi, albamu mpya, wamekuja na sura mpya." Nikasema, Teresia, ongeza, huyo ni mdogo wangu! Nikawaita wanunuzi. Nilikuwa nimenyoosha kidole kwenye redio, najisifu kama wewe.

Saksafoni ikapiga. Yule mama akaimba. Halafu gitaa likaingia.

Maduhu, mimi nakujua unavyopiga. Unavuta nyuzi kama mtu anayekamua ng'ombe mwenye teke, haraka haraka kisha unaruka. Huyu hakuruka. Alikuja taratibu, halafu akapiga ule mdundo wa mama akisukasuka kibuyu cha maziwa, tup-tup, tuuup, tup. Nani mwingine anaujua? Mimi, wewe, na yule uliyemfundisha Rudewa. Wewe siku zote unaukatisha njiani. Huyu aliumaliza. Aliumalizia mahali ambapo mama alikuwa anafungua kifuniko na kutazama kama siagi imeshika.

Nilisahau mkono wangu hewani. Teresia akaniuliza, "Mama Winnie, umepatwa na nini?" Nikasema, "Yule ni mwanangu." Akasema, "Si umesema ni mdogo wako?" Watu wakacheka. Kumi na tano, ishirini, sijui dakika ngapi, nilisimama pale dagaa zikiuzwa kunizunguka. Kesho yake saa ile ile nilikwenda tena kwa Teresia. Sikununua dagaa.

Jioni nilimpigia Winnie, akapokea. Tulilia wote wawili, mimi nilianza. Amekiri. Anasema alikuwa anakwenda mazoezi asubuhi wakati wa vipindi. Nimemgombeza, nimemgombeza tena, kisha nikamwomba anipigie ule mdundo kwenye simu.

Sasa na wewe nikuambie. Nilisikia gitaa la pili kule nyuma. Dogo, halijisifu, linamsubiri mtoto, akipanda linashuka, akinyamaza linamshikia nafasi. Nikajua ni wewe. Wewe, Maduhu, ambaye ulishawahi kugombana na kengele ya kanisa kwa sababu imekuzidi sauti! Umempisha mtoto wangu mbele, ukakaa nyuma. Hilo ndilo lililofanya mdomo wako usifunge, nimeelewa sasa. Nimekuwa nakusema vibaya miaka mingi. Naomba radhi. Baba nimemweleza, amefuta macho akasingizia moshi.

Winnie anasema Gabrieli anataka bendi isafiri mwezi wa saba wote, Dodoma mpaka Mbeya, kupiga nyimbo za albamu kabla chuo hakijafunguliwa. Anaomba ruhusa yangu. Moyo wangu unakataa, sikio limekwisha kukubali. Nimeamua hivi: aende, kwa sababu utakuwa naye. Ukiwa jukwaa moja na yeye, gari moja, mimi nitalala usingizi. Bila wewe haendi, nitakuja na basi la Jumamosi nimchukue.

Kwa hiyo niandikie kwa mkono wako, kwamba unapiga naye kila siku na utamrudisha. Nikipata karatasi hiyo nitampigia Gabrieli kumpa ruhusa.

Dada yako anayejivunia,
Celestina


Mikumi, 29 Juni 2025

Dada Celestina, shikamoo.

Mvua imekatika, baridi imeingia, nyani wamemwibia Mama Vaileth sufuria nzima ya maharage na kurudisha sufuria. Winnie mzima. Barua hii usimsomee baba. Au msomee, utaamua.

Karatasi uliyoiomba nimeiandika mara tatu, na mwandiko ulitoka mzuri kabisa. Zote nimechana. Mama Vaileth amewashia moto.

Unakumbuka tulipomzika mama, Gabrieli alivyoruka ndani ya kaburi akalala chali, akasema yeye ni mtani na hatoki mpaka apewe jogoo? Wewe ndiye uliyemkimbilia jogoo huku unalia na kucheka. Sasa mtu aliyelala kaburini mwa mama yako kwa utani, utaijuaje siku anayosema kweli? Miaka kumi na moja ananifukuza kila wiki. Nami namfukuza nchini. Kwa hiyo ile Alhamisi aliponiambia nirudi kuchunga ng'ombe, nilicheka, kama nilivyokuandikia. Nikaendelea kwenda mazoezini. Wiki mbili, dada! Nafika, nafungua gitaa, naambiwa, "Kaa kwanza, wimbo huu tunaujaribu bila gitaa." Nakaa. Na wimbo wa pili bila gitaa. Nikasema jazi-roki ya siku hizi ni ya ajabu, haina gitaa. Kumbe zoezi lenye gitaa walikuwa wanalifanya asubuhi, na mtu mwingine.

Siku ya kurekodi nilifika wa kwanza, nimepiga pasi shati. Nikakaa kwenye kiti, nikaanza kufunga nyuzi mpya. Wakaingia mmoja mmoja, kila mmoja akinisalimia kama watu wanavyosalimia mgonjwa. Gabrieli akaja akachuchumaa mbele yangu. Hajawahi kuchuchumaa.

"Maduhu, nilikuambia."

"Uliniambia nini, Msagara? Nirudi kwa ng'ombe? Ng'ombe wamekusalimu."

Hakujibu utani. Ndugu yangu, hapo ndipo nilipoogopa. Mtani akikosa jibu ujue mtu amekufa. Akasema, "Nilikuambia mbele ya watu kwa sababu nilishindwa kukuambia tukiwa wawili. Nikadhani utaelewa. Ulipocheka nikashindwa kurudia."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nimesikia mwingine."

Mlango ukafunguliwa akaingia Winnie na gitaa mgongoni. Yeye naye alikuwa hajui! Gabrieli alimwambia mjomba wako ameafiki, anapumzika. Aliniona kwenye kile kiti, akasimama kama mtu aliyekanyaga waya wa umeme. Mimi nilikuwa na uzi mkononi, nikauangusha. Niliangalia mtoto, nikaangalia gitaa, nikaangalia mlango kama kuna mwingine anayekuja. Hakuna aliyekuja.

Na mlango huo nilimfungulia mimi. Ilikuwa Januari, sikukuandikia: kopo la samaki lilinikata kidole, nikamwita Winnie aje anishikie zoezi moja tu, mchana, baada ya vipindi. Nilikaa pembeni na kidole changu najisifu, "Huyo nimemfundisha mimi!" Gabrieli hakunitania hata mara moja zoezi zima. Nilidhani anaumwa tumbo.

Winnie akaniambia, "Mjomba, mimi naondoka. Hiki kiti ni chako. Sema tu niondoke."

Nilitaka kusema ondoka. Nakuapia, neno lilifika kwenye meno. Ningelisema, leo angekuwa darasani na mimi ningekuwa redioni. Lakini kule Januari nilikuwa nimemsikia, dada, na masikio yangu hayakuishia la saba. Nikamwambia, "Piga. Ukikosea mara moja tu, nachukua kiti changu." Nikasimama, nikasubiri akosee.

Nilisubiri nyimbo nane.

Lile gitaa la pili ulilolisikia kule nyuma likimsubiri, ni yeye pia. Walipomaliza, prodyuza alimrudisha mwanzo, akapiga tena juu ya alichokwisha kurekodi, akajisindikiza mwenyewe. Anayempisha ni yeye, anayemshikia nafasi ni yeye. Sijui amejifunza wapi kungoja hivyo. Kwangu hapana.

Lakini nilikuwa mle chumbani, hilo si uongo. Waya wake ulikuwa umelegea pale unapoingia kwenye amplifaya. Ukiuacha unakwaruza, na hakukuwa na kitu cha kuuchomelea. Gabrieli akatafuta gundi, akatafuta kamba. Nikapiga magoti nikaushika. Saa sita nzima, kuanzia saa mbili mpaka saa nane. Winnie akipiga, umeme unanitekenya kiganja. Ule mdundo wa mama alipoufikia, niliusikia mkononi kabla ya kuusikia sikioni, nikaukaza waya na kwa mkono wa pili. Nikiachia, mdundo unakatika pale pale ninapoukatishaga mimi. Sikuachia.

Sasa hivi nawabebea spika. Wakipiga hapa Mikumi nakaa karibu na ngazi ya jukwaa, na mlevi akimsogelea Winnie anakutana na mimi kwanza. Hiyo ndiyo kazi yangu na naifanya vizuri. Safari ya Dodoma na Mbeya gari lina nafasi saba na watu ni saba. Mimi simo. Nimemwomba Gabrieli nikae hata juu ya spika. Amekataa, na nilimtazama vizuri usoni nione kama ni utani.

Devota atakuwemo. Ni mama wa watoto watatu, hanywi, anamfungia Winnie mlango wa chumba na ufunguo anauweka sidiriani. Zungumza naye, namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ukimwamini, mruhusu mtoto kwa ajili yake na kwa ajili ya sikio lako. Usimruhusu kwa ajili yangu. Na ukija Jumamosi kumchukua, sitakuzuia, ila fika saa kumi na mbili jioni, msikilize wimbo mmoja ukiwa umemwangalia vidole, kisha amua.

Zile radhi ulizoniomba, zirudishe, hazikuwa za kwangu. Hakuna aliyenichagua kiongozi wa magitaa. Prodyuza hakunivulia kofia, na hata siku niliyoandika alikuwa hajafika Mikumi. Hajawahi kunisikia nikipiga. Nilitunga kwa sababu nilitaka baba awe na la kuwaambia watu.

Kwenye ile albamu sikupiga hata uzi mmoja.

Maduhu